Gari ndogo ya zamani kwenye milima ya Mbeya: filta na ekzosi vinaongeza nini kweli?

Ukikaa Mwanjelwa jioni utazisikia tu, Starlet na Vitz na Corolla za zamani zinapita na bomba nene nyuma linaunguruma kuliko gari yenyewe, na mwenye gari ukimuuliza anakwambia imeongezeka nguvu bana, saivi inapanda. Imeongezeka kiasi gani? Hajui. Mimi sina ugomvi na mlio, kila mtu na starehe yake, ila swali la kama kubadilisha eya klina (filta ya hewa) na ekzosi (bomba la moshi) kunasaidia gari yenye injini ndogo linaulizwa kila siku huku kwetu na majibu ya gereji nusu ni kweli nusu ni hadithi, basi ngoja tulifumue taratibu.

Tuanze na hewa maana ndo mzizi wa kila kitu. Petroli kilo 1 inataka hewa kama kilo 14.7 ili iungue vizuri, yaani kwenye injini hewa ndo ugali na petroli ni mboga tu. Sasa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Dar presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi, hapa kwetu ni 82 na ushee, hiyo iliyobaki mlima umeshaichukua kabla hujawasha gari. Hesabu ambayo mafundi duniani kote wanaitumia kwa injini isiyo na turbo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) ni kwamba kila ukipanda mita 300 unapoteza kama asilimia 3 ya nguvu, kwa hiyo ukifika Uyole kutoka Dar umeshaacha asilimia 17 njiani, na ukienda Kitulo kule mita 2,600 inakuwa robo nzima.

Weka kwenye gari halisi. Starlet ya injini 4E-FE, cc 1,331, ikiwa mpya kabisa kiwandani ilikuwa na hospawa 85 hivi. Toa asilimia 17 unabaki na 70. Passo ya cc 996 ikiwa Dar ina 71. Yaani Starlet yako ikiwa Mbeya ndo Passo ya Dar, na hapo bado hatujasema kwamba injini imeshatembea miaka 25, ringi zimelika, na nyuma umepakia gunia la viazi vya Isyonje na ndugu wanne.

Ndo maana watu wakihamia huku wanadhani gari imeharibika. Inatoka Dar nzima, inafika Iringa inaanza uvivu, ikifika Mlima Nyoka inataka gia ya pili, na fundi wa kwanza anayeulizwa anasema eya klina hii imebana, bomba hili jembamba, tufungue. Hapo ndo mchezo unapoanzia.

Filta haipulizi. Naomba hii ikae kichwani kwanza. Filta, bomba la kuingizia hewa, ekzosi, vyote hivi kazi yake ni njia, na njia hata uipanue vipi haiwezi kukupa presha kubwa kuliko ile iliyoko nje. Nje kuna 82, basi ndani kwenye silinda mwisho wako ni hapohapo kwenye 82. Unachoweza kupunguza ni kile kidogo kinachopotea kati ya nje na silinda, na kwenye gari ambayo filta yake ni safi hicho ni kidogo kweli, ukikilinganisha na zile 19 zilizochukuliwa na mlima hata aibu kukitaja.

Tena angalia injini inavuta hewa kiasi gani. Cc 1,331 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta lita kama 4,000 kwa dakika, hiyo ikijaza silinda mpaka juu kitu ambacho haifanyi. Kiwanda kiliweka filta na njia ya kutosha kupitisha mzigo huo. Sasa nani anapanda Mlima Nyoka kwenye 6,000? Watu wengi wanapanda kwenye 3,000, hapo hewa ni nusu na kizuizi cha njia kinashuka zaidi ya nusu, kwa hiyo pale hasa unapolia gari haina nguvu ndo pale filta ya kiwanda inapobana kidogo kuliko popote. Filta ya wazi ikiwa na faida basi utaiona huko juu karibu na resi ya mwisho, mahali ambapo gari ya kwenda kazini na sokoni haifiki.

Lakini kuna hasara ambayo unaipata kila siku. Zile filta za koni, wanafungua boksi la eya klina lote wanalitupa, wanaichomeka koni inabaki uchi humo ndani ya boneti juu ya injini, karibu na rejeta na menifodi ya moshi (yale mabomba ya kwanza yanayopokea moshi kwenye injini). Ukiwa nyuma ya semi inayotambaa na spidi 20 hewa ya humo ndani inaweza kufika nyuzi 50, 60, wakati nje ni 20 na asubuhi ya mwezi wa 6 au wa 7 hata kumi haifiki. Hewa ya moto ni nyepesi, kutoka nyuzi 20 kwenda 60 unapoteza kama asilimia 12 ya uzito wake. Yaani umelipa hela ujipandishe mlima mwingine juu ya huu uliopo! Na lile boksi jeusi ulilolitupa lilikuwa linavuta hewa kupitia mdomo ulioelekezwa mbele au pembeni karibu na taa, sehemu yenye ubaridi, Wajapani hawakuliweka pale kwa urembo. Kwanza gari nyingi ninazoziona ule mdomo umeshachomoka au umevunjika siku ilipogongwa mbele na hakuna aliyejali kuurudisha, hiyo ndo apgredi ya kwanza na ni ya bei ya kutupa, tafuta ule mdomo kwenye gari iliyokatwa spea, urudishe.

Kuna na kale kaboksi kengine kamening'inia kwenye bomba la hewa hakana mlango wala nini, watu wanakang'oa wanasema kanazuia. Hakazuii kitu. Kapo hasa kwa ajili ya kupunguza mlio wa hewa, ukikang'oa utasikia injini inavuma zaidi ukikanyaga na utaapa imeongezeka nguvu, na hapo ndo sikio linaposhinda akili. Ila ukiking'oa na kuacha tundu bila kuziba vizuri umefungulia vumbi mlango.

Mtu mwenye nia kweli ya kufanya kazi nzuri upande huu abaki na boksi, aweke filta bapa yenye ubora ndani yake, kisha apanue kidogo njia ya hewa baridi kutoka mbele, basi. Usiipeleke chini karibu na bampa. Huku mvua inaanza mwezi wa 11 mpaka wa 5, Rungwe na Kyela ndo usiseme, dimbwi moja pale barabarani injini ikimeza maji ujue maji hayakandamiziki kama hewa, koni rodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda na stori inaishia hapo kwa bei ya injini nyingine.

Vumbi nalo ni la kulisemea. Kiangazi ukienda njia za vumbi za Usangu au vijiji vya Chunya, lile vumbi ni mchanga laini na mchanga ndo msasa. Filta za bei rahisi zile zenye wavu unaona mpaka upande wa pili, ukizishika juani mwanga unapita vitundu vitundu, zinapitisha hewa vizuri ndiyo, na mchanga pia zinapitisha vizuri. Baada ya muda gari inaanza kula oili na huyo mwenye gari atalaumu oili. Filta ya karatasi ya kawaida ukiibadilisha kwa wakati inakutosha, na ukiipuliza kwa kompresa puliza kutoka upande wa ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, ukipuliza kwa nguvu unaitoboa bila kujua.

Halafu kuna suala la gari inavyopima hewa. Gari za zamani kama Starlet ya 4E-FE na Corolla ya 5A-FE zina sensa inayosoma presha ndani ya menifodi ya hewa (njia ya kugawa hewa kwenye silinda), hizi zinavumilia ukibadilisha filta, na kwa sababu zinasoma presha zinajua zenyewe kwamba tumepanda mlima na zinapunguza mafuta. IST na wenzake wa 1NZ na 2NZ wana sensa ya waya wa moto pale pale kwenye njia ya hewa baada ya filta, ukibadilisha upana wa bomba pale ilipokaa inasoma uongo, na ukiweka zile filta za kulowanisha oili ukaimwaga nyingi, oili inaganda kwenye waya na gari inaanza kumisi, kula mafuta, taa ya injini inawaka. Na wale wenzetu bado wana kabureta, injini kama 2E, tatizo lao huku ni kinyume, kabureta haijui kama tumepanda, inamwaga mafuta yaleyale ya Dar kwenye hewa pungufu, plagi zinakuwa nyeusi tii. Dawa yake ni jeti ndogo (katundu ka kupitishia mafuta kwenye kabureta) na siyo filta kubwa.

Sasa ekzosi.

Hapa kuna hadithi mbili zinapingana na zote zinatembea. Moja inasema bomba likiwa kubwa ndo nguvu. Nyingine inasema hapana, injini inahitaji kubanwa nyuma kidogo ili iwe na nguvu ya chini. Hakuna injini inayohitaji kubanwa, kubanwa ni hasara siku zote maana pistoni inatumia nguvu kusukuma moshi. Kinachotakiwa ni spidi ya moshi. Valvu ya kutolea moshi ikifunguka, moshi unatoka kwa kishindo kama fumba, yaani donge moja, na fumba likienda kasi kwenye bomba la upana unaofaa linaacha nyuma yake presha ndogo, hiyo presha ndogo ikirudi kwenye valvu kwa wakati inanyonya moshi uliobaki na hata inasaidia kuvuta hewa mpya kuingia. Ukiweka bomba nene moshi unalegea, ule mnyonyo unapotea, na unapotea hasa kwenye resi za chini. Ndo maana mtu akiweka bomba la inchi 2.5 kwenye injini ya 1.3 anaona gari imekuwa nzito kuanzia chini halafu anahitimisha kwamba kumbe ilihitaji kubanwa. Alichoona ni kweli, sababu ndo siyo.

Fanya hesabu, kutoka inchi 1.5 kwenda 2.5 njia inakuwa pana karibu mara 3, basi spidi ya moshi uleule inashuka hivyohivyo. Kwa injini za cc 1,000 mpaka 1,500 zisizo na turbo inchi 1.5 mpaka 1.75 inatosha kabisa na 2 ndo mwisho, zaidi ya hapo unanunua sauti. Na ujue sehemu yenye uzito ni kuanzia kwenye hedi (kichwa cha injini) mpaka yale mabomba yanapokutana na kidogo mbele yake, huko mkiani nyuma ya mafla (pipa la kupunguza mlio) ya kati upana hauna athari kubwa sana, kwa hiyo yule anayebadilisha mafla ya mwisho tu akaweka ile yenye mdomo kama debe amebadilisha mlio, hajafanya kosa kubwa wala faida kubwa.

Hedasi, yaani mabomba yanayowekwa badala ya menifodi ya moshi ya kiwandani, zinafanya kazi ndiyo, zile za mabomba manne yanayoungana mawili mawili halafu moja ndo zinafaa kwa barabara za huku, maana zinasaidia resi za kati. Injini hizi zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa hiyo bomba la 1 linaungana na la 4, la 2 na la 3, ili mafumba yasigongane. Nimeona za kuchomelea mtaani zimeunganishwa 1 na 2 kwa sababu zilikuwa karibu! Hiyo ni bora ubaki na menifodi ya chuma ya kiwandani. Na hata ukipata kazi safi kabisa, hedasi na bomba na filta vyote pamoja, kwa injini ya namna hii unategemea asilimia 5, ukibahatika sana 10, na hiyo ni huko kwenye resi za juu. Asilimia 5 ya hospawa 70 ni tatu na nusu. Mshushe abiria mmoja utapata zaidi ya hapo.

Kazi ya kuchomelea yenyewe ina mambo yake. Bomba likikunjwa mpaka likabonyea pale kwenye kona, upana wako ni wa pale palipobonyea hata kama kwingine ni inchi 2. Muulize fundi atakunja na nini. Chomoa betri kabla hajaanza kuchomelea maana kontroli boksi (kompyuta ya injini) haipendi ule umeme. Na mafla za kiwandani nyingi zina katundu kadogo chini, msikazibe, hako ni ka kutolea maji, kwa baridi yetu hii na safari fupi za Soweto mpaka Kabwe maji yanajikusanya ndani na bomba linaoza kuanzia ndani.

Kitu kinachokula hela za watu kimyakimya ni uvujaji mbele ya sensa ya oksijeni. Gasketi ya menifodi ya moshi ikiwa imeungua au menifodi ina ufa, kati ya fumba na fumba hewa ya nje inanyonywa inaingia, sensa inaona oksijeni nyingi inaiambia kompyuta mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Gari inakula mafuta, mwenye gari anabadilisha plagi, anabadilisha pampu, anaombewa. Washa asubuhi ikiwa ya baridi, mtu azibe mkia kwa tambara zito kidogo tu, sikiliza kama kuna tsss kule mbele, au tafuta alama nyeusi ya masizi kwenye maungio. Na ukiweka hedasi usiihamishe sensa ikaenda mbali kule nyuma, zile za waya mmoja za zamani hazina hita, zinategemea joto la moshi ndo zifanye kazi.

Masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Hapa watu watanuna. Ushauri wa kwanza wa gereji nyingi ni toa masega gari iwe nyepesi. Masega yakiwa mazima kwenye injini ndogo yanabana kidogo sana, na yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani, kuna watu wananunua, kwa hiyo kabla hujakubali yatolewe uliza yanabaki na nani, utaona uso unabadilika. Gari zenye sensa ya pili baada ya masega zitawasha taa ya injini na hiyo taa ikikaa inawaka siku zote siku ukipata tatizo la kweli hutajua. Bado harufu, bado moshi wa sumu unaokaa kwenye foleni ya Mafiati tunauvuta wote.

Ila masega yakiziba kweli, hapo ni habari nyingine, gari inakabwa shingo, inawaka vizuri ikifika resi fulani haitaki kwenda, na chini pale panakuwa pekundu kwa joto. Hilo linapimwa, halibahatishwi. Unachomoa sensa ya oksijeni unafunga geji ya presha kwenye tundu lake, ukishika resi ya 2,500 isizidi kama psi 3, ikizidi hapo kuna kuziba. Na ukiyakuta yameziba tafuta kilichoyaua kwanza, maana kwa kawaida ni gari iliyokuwa inamisi muda mrefu au inakula oili, ukiweka mengine bila kutibu hiyo yatakufa pia.

Geji ya vakyumu, ya kupima mnyonyo kwenye menifodi ya hewa, nayo inasaidia, lakini hapa kuna mtego wa huku kwetu ambao umeponza injini nzima nzima. Vitabu vinasema gari ikiwa kwenye sailensa (imewashwa bila kukanyagwa mafuta) geji isome kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Kila mita 300 unatoa inchi moja, kwa hiyo Mbeya injini yenye afya kabisa inasoma 12 mpaka 15 hivi. Fundi aliyesoma kitabu akaona 14 atakwambia valvu zinavuja, fungua hedi, na hedi ikishafunguliwa ndo basi tena haiwi ileile.

Kwa hiyo ningekuwa na hela kidogo na Starlet inayochoka Mlima Nyoka ningeanza na filta mpya ya kawaida na mdomo wake wa hewa baridi, gasketi ya menifodi, kusafisha troto bodi, hosi za vakyumu zilizokakamaa, plagi na waya zake, kuangalia breki kama hazijashika maana breki inayoburuza inakula nguvu kuliko mafla yoyote. Gari ya otomatiki ukianza kupanda zima ile ovadraivu mapema, usisubiri gia izunguke inatafuta.

Kuna na hila moja ya nyanda za juu kwa gari za distribyuta (kile kigawa umeme wa plagi). Kiwandani taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) ya 4E-FE na 5A-FE inasetiwa digrii 10 huku umeunganisha TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia. Kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi injini hapa haigongi (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) kirahisi, ukiisogeza kwenye 12 au 13 inavuta vizuri zaidi chini na haijakugharimu hata senti. Ukishuka Kyela kule mita 500 karibu na ziwa, au ukienda Dar, sikiliza ukikanyaga mlimani, ukisikia kama vimsumari vinagonga irudishe 10 haraka.

Na kinachorudisha hewa iliyochukuliwa na mlima ni turbo tu, ndo maana semi zinapanda Kitonga na tani zake hazilii urefu wa mlima kama sisi. Toyota walishaitengeneza, 4E-FTE ya Starlet Glanza, cc zilezile 1,331 na hospawa 135. Lakini hiyo inaenda na injini yake nzima, kontroli boksi yake, giaboksi, breki na bajeti, usikubali mtu anayetaka kufunga turbo ya kuokota kwenye injini yako iliyochoka.

Ukishafanya chochote, pima. Chagua kipande kimoja cha mlima kisicho na makazi, gia ileile, abiria walewale, saa ileile ya siku maana hewa ya asubuhi na ya mchana siyo moja, kisha hesabu sekunde kutoka 40 mpaka 70, mara kadhaa kabla na mara kadhaa baada, na anayeshika saa awe abiria siyo wewe. Funga vioo na weka redio ili mlio usikudanganye. Tofauti ikiwa chini ya nusu sekunde hiyo ni upepo. Na kabla ya kuanza hakikisha trafiki hawajakaa kwenye kichaka chochote hapo mbele na tochi yao.